UZI: Kwa nini Ziwa Victoria halina papa, na papa ni samaki wa aina gani hasa

#1 Mwl_Kondele

Habari za jioni, wadau. Tangu wiki jana kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kisumu: papa amelazwa mchangani, watu wamemzingira, na maandishi yanadai amevuliwa Ziwa Victoria. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza darasani, na mwendesha boda aliyenirudisha nyumbani akaniuliza tena. Sijaona kwenye video hiyo chochote kinachofanana na fuo zetu, lakini swali linastahili jibu refu, ndiyo sababu nafungua uzi.

Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Papa wengi hufa wakiingia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ila yuko mmoja ambaye mito haimshindi. Jina lake la kisayansi ni Carcharhinus leucas. Hapa nitamwita papa-fahali. Kusini mwa Afrika wanamjua kwa jina la Mto Zambezi, kwa sababu huupanda mto huo. Katika Amazon amefika karibu na Iquitos nchini Peru, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka baharini. Mwaka 1937 mmoja alivuliwa Alton, jimbo la Illinois, ndani kabisa ya Marekani, kwa njia ya Mto Mississippi. Ziwa Nicaragua anaingia na kutoka kupitia Mto San Juan. Na huko Australia, karibu na Brisbane, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwasomba papa-fahali kadhaa hadi kwenye bwawa la uwanja wa gofu wa Carbrook. Maji yalipopungua wakabaki humo, na waliishi ndani ya bwawa hilo kwa takriban miaka 17.

Sasa, anawezaje? Hapa ndipo penye utamu. Damu ya papa wa baharini imejaa yurea, ile taka ambayo mimi na wewe tunaitoa kwenye mkojo. Kwetu ikizidi damuni ni mauti. Papa huiweka, pamoja na kemikali nyingine inayozuia yurea isiharibu protini za mwili, mpaka ukali wa damu yake ulingane na ule wa bahari au uuzidi kidogo. Kwa hiyo bahari haimnyonyi maji. Chumvi inayozidi hutolewa na tezi ndogo iliyo mwisho wa utumbo. Mchukue papa huyo umtie ziwani: maji yatamwingia kupitia matamvua kama yanavyoingia kwenye maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, chumvi yake itatoroka, na atakufa.

Papa-fahali akipanda mto hupunguza yurea damuni, ile tezi ya chumvi hupunguza kazi, na figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi bila kupumzika. Hata hivyo damu yake hubaki na chumvi nyingi kupita maji ya mto, kwa hiyo kila siku anayokaa huko anailipia kwa nguvu za mwili. Wanaokaa mitoni kwa muda mrefu zaidi ni watoto. Huko hawana papa wakubwa wa kuwawinda.

Kwa hiyo kimwili angeweza kuishi hapa kwetu kwa kipindi. Kinachomzuia ni njia. Ulizeni, tuendelee.

#2 JaDunga

Mwalimu, asante. Mimi ni mvuvi, nipo Dunga tangu ujana wangu. Swali langu ni hili: ziwa letu limeungana na Nile, na Nile inaenda mpaka baharini. Mbuta naye ni samaki wa Nile na yuko hapa. Kama mbuta amefika, papa anashindwa na nini?

#3 Mwl_Kondele

JaDunga, ndugu yangu, umeligusa jibu lenyewe. Mbuta hakufika kwa kuogelea.

Mbuta ni mwenyeji wa Nile ya chini, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Ni samaki mkubwa mwenye nguvu, tena wa maji baridi tangu kuzaliwa, na alikaa chini ya Maporomoko ya Murchison kwa maelfu ya miaka bila kupanda. Pale Nile nzima inabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi kisha inaanguka zaidi ya mita 40. Aliyemvusha mbuta ni binadamu, miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, akamtia kwenye Ziwa Kyoga na Victoria. Kama Murchison ilimshinda mwenyeji wa mto, mgeni kutoka baharini atapita wapi?

Na kabla ya kufika Murchison kuna safari ya maelfu ya kilomita: kuna bwawa la Aswan, kuna miporomoko kati ya Aswan na Khartoum, kuna vinamasi vya Sudd. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Iquitos, pamoja na umbali wake wote, iko mita mia moja na kitu tu. Amazon ya chini inatambaa karibu tambarare. Umbali haumshindi papa-fahali. Kinachomshinda ni ukuta wa maji.

Mito inayoingia upande wetu, yaani Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, yote inaanzia milimani na kuishia ziwani. Hakuna inayotoka baharini. Na ziwa lenyewe si la siku nyingi: lilikauka na kujaa tena miaka takriban 15,000 iliyopita. Hata fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wote tunaowaona wamejipatia sura zao kwa muda mfupi sana kijiolojia.

#4 Binti_wa_Lamu_Nakuru

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Nakuru kwa kazi. Hiyo video nimeitazama kwa makini. Papa yule ana pua butu pana, na mbavuni ana michirizi ya kusimama kama ya chui milia. Huyo hata papa-fahali si yeye. Ni papa wa bahari ya chumvi, kwetu wavuvi humleta pwani mara kwa mara, na ule mchanga mweupe nyuma yake ni wa ufuo wa bahari. Mwenye kuisambaza aambiwe.

Naomba niongeze jambo kuhusu yurea, maana nyumbani kila mtu anaijua hata kama haiiti hivyo. Papa akishakufa asiposhughulikiwa mapema hutoa harufu kali inayochoma pua. Ni ile yurea: bakteria wanaivunja inakuwa amonia. Ndiyo maana papa hupasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Papa mkavu wa kupikwa na nazi nimekula tangu utotoni, na hapa Nakuru nikipata mgeni kutoka Pwani ananiletea.

Jambo la pili ni ini. Papa hana kile kifuko cha hewa ambacho mbuta na ngege wanacho tumboni cha kuwafanya waelee majini. Badala yake ana ini kubwa mno, limejaa mafuta mepesi kuliko maji, na mifupa yake si mifupa bali ni gegedu, ambayo nayo ni nyepesi. Mafuta ya ini hilo tunayaita sifa. Mababu walikuwa wakipaka vyombo vyao ubavuni, mbao zisinywe maji wala kuliwa na wadudu. Majahazi yaliyokwenda Arabuni yalikuwa na mafuta ya papa mwilini.

#5 Mwl_Kondele

Marahaba, binti yangu. Asante sana kwa macho hayo. Michirizi na pua butu ni ushahidi tosha, na nitawaonyesha wanafunzi kesho.

#6 Mtafiti_Maseno

Mwalimu, niruhusu niwaunganishe papa na samaki wetu wa hapa, kwa sababu watu wa ziwani wanadhani papa hawahusu.

Kamongo mnamjua. Ukame ukija anajichimbia kwenye tope, anajifunga ndani ya ute wake, anapumua hewa kwa mapafu na kungoja mvua kwa miezi. Tatizo lake kule chini ni taka. Samaki wa kawaida hutoa amonia majini kupitia matamvua, na maji huichukua. Kamongo aliye kwenye tope kavu hana maji ya kuichukua, na amonia ikibaki itamuua. Kwa hiyo anaigeuza kuwa yurea na kuilimbikiza mwilini mpaka mvua inyeshe. Papa anaishi na yurea kwa sababu ya chumvi, kamongo anaivumilia kwa sababu ya ukame.

Na walichunguzwa na mtu mmoja. Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka Marekani, alikuja Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1920 kutafuta kamongo wa Ziwa Victoria, na mwaka 1930 akachapisha utafiti juu ya jinsi mwili wake unavyofanya kazi akiwa amelala. Mwaka uliofuata akachapisha mwingine juu ya papa na taa (samaki bapa, ndugu wa papa) wanaoingia maji baridi. Mengi ambayo madaktari walikuja kuyajua kuhusu figo za binadamu yalipitia kwa mtu huyo, ambaye aliona faida ya kuwauliza samaki kwanza.

#7 MamaSamaki_Kibuye

Mimi nauza omena na mbuta hapa Kibuye, sikujua kamongo amesomewa hivyo na wazungu. Sasa mwalimu, nisaidie: papa anataga au anazaa? Kuna mteja aliniambia anazaa kama mbuzi nikakataa.

#8 Mwl_Kondele

Mama, mteja wako yuko sawa kwa papa wengine, nawe uko sawa kwa wengine. Kundi hili limejaribu karibu kila njia.

Wako wanaotaga. Yai lao lina ganda gumu la ngozi lenye ncha au nyuzi za kunasa kwenye mwani na mawe, na mtoto hukaa humo miezi kadhaa akila kiini. Wengi zaidi huyaweka mayai tumboni mpaka yaanguliwe humo humo, kisha wakazaa watoto walio tayari kuwinda. Na wako, akiwemo papa-fahali na wale wenye kichwa cha nyundo, ambao mtoto huungana na mama kwa kitovu na kondo la nyuma, kama mbuzi wa mteja wako kabisa.

Kuna papa wa mchangani, Carcharias taurus, ambaye ana mifuko miwili ya uzazi. Katika kila mfuko mtoto wa kwanza kukomaa huwala ndugu zake wote wakiwa bado tumboni, halafu hula mayai ambayo mama anaendelea kuyatoa. Wanazaliwa wawili tu, kila mmoja na urefu unaokaribia mita.

Na wengine wanaweza kuzaa bila dume. Mwaka 2001, katika bustani ya wanyama ya Omaha, Marekani, papa jike wa jamii ya vichwa vya nyundo alizaa mtoto ilhali pale hapakuwa na dume wa aina yake. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa 2007 vilionyesha mtoto hakuwa na chochote cha baba.

#9 Kijana_Migosi

Mwalimu, na megalodoni, yule papa mkubwa wa kale? Jamaa wangu anasema bado yuko chini kabisa baharini na wanasayansi wanaficha.

#10 Mwl_Kondele

Megalodoni alikuwepo kweli, na alitoweka kweli, miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Hakuna anayeficha. Papa hutoa meno maisha yake yote: jino likichakaa linaanguka, na la safu ya nyuma linasogea mbele. Papa mmoja huangusha maelfu. Megalodoni waliangusha meno kila bahari yenye joto duniani, mengine yenye urefu wa sentimita 18 hivi, na meno hayo yanakoma kwenye tabaka za umri huo. Samaki mkubwa namna hiyo hawezi kuishi bila kuacha jino jipya hata moja. Tena alikuwa akiwinda nyangumi, na nyangumi hupumua hewa juu. Chini kwenye kiza na baridi angekula nini?

Urefu wake bado unajadiliwa, na sababu ni ile aliyoitaja Binti wa Lamu: gegedu huoza. Tuna meno na pingili chache za mgongo, hatuna mwili mzima. Makadirio mengi yako kati ya mita 15 na 20, na ya karibuni yamefika 24. Wala si babu wa papa mweupe wa leo. Ni wa ukoo mwingine uliokwisha.

Lakini kijana, mimi megalodoni hanishangazi kama wale wa kale zaidi. Ukoo huu una zaidi ya miaka milioni 400. Ulikuwepo kabla ya msitu wa kwanza kuota duniani. Dinosauri walikuja ukiwa na umri wa kati, wakaondoka, nao ukaendelea. Cladoselache, ambaye visukuku vyake viko kwenye miamba ya Ohio ya miaka milioni 370 hivi, amehifadhiwa vizuri hata alama za misuli zinaonekana. Stethacanthus dume alibeba mgongoni pezi lenye kilele bapa kilichojaa meno madogo. Helicoprion alikuwa na meno yaliyojikunja mviringo kama msumeno wa duara. Alexander Karpinsky wa Urusi alimpa jina mwaka 1899, na kwa zaidi ya miaka mia watu walibishana ule msumeno ulikaa wapi: puani, mkiani, mgongoni? Mwaka 2013 kisukuku cha Idaho kilipigwa picha za eksirei za pande zote, ikaonekana ulikaa kwenye taya la chini, ukijaza kinywa. Picha hizo hizo zilionyesha kwamba Helicoprion yuko karibu zaidi na kimera, samaki mwingine wa gegedu wa vilindini, kuliko papa wenyewe.

Na hapa turudi kwenye maji baridi. Kulikuwa na jamii inayoitwa zenakanthi, samaki wa ukoo huu huu wa gegedu, warefu kama mkunga, wenye mwiba mmoja nyuma ya kichwa. Waliishi kwenye mito, maziwa na vinamasi kwa zaidi ya miaka milioni 100, wakitawala huko, na walikwisha mwishoni mwa enzi ya Triasiki, miaka kama milioni 200 iliyopita. Kwa hiyo ziwa lenye jamaa wa papa ndani yake lilikuwa jambo la kawaida duniani kwa muda mrefu kuliko umri wa milima yetu yote. Leo papa wa mitoni hasa ni wa jenasi Glyphis, aina chache za Asia ya Kusini, Australia na Guinea Mpya, na wote wako hatarini.

#11 Mkitale

Mwalimu ametaja milima, nami nichangie. Mwaka 1964 huko Loperot, Turkana, kilichimbwa kisukuku cha nyangumi wa jamii ya wenye mdomo mrefu. Kilipelekwa Marekani, kikapotea ndani ya makabati ya makumbusho miaka mingi, kikapatikana tena 2011. Umri wake ni miaka milioni 17. Mahali pale ni zaidi ya kilomita 700 kutoka bahari ya leo na zaidi ya mita 600 juu yake. Inaonekana nyangumi yule alipanda mto mkubwa uliotiririka kwenda Bahari ya Hindi akapotea njia. Maana yake nchi hii ilikuwa bado tambarare na chini wakati huo, iliinuka baadaye. Siku hizo nyani wa kale walikuwa wakipanda miti kule Rusinga.

#12 Mtafiti_Maseno

Mkitale, hilo ndilo linalomaliza hoja ya JaDunga. Kizuizi cha papa hapa kwetu ni kuinuka kwa ardhi.

#13 JaDunga

Nimeelewa. Sasa mwalimu, sisi adui yetu ziwani ni kiboko na mawimbi ya usiku. Papa ni hatari kiasi gani kwa mvuvi? Na wako aina ngapi?

#14 Mwl_Kondele

Aina zilizopewa majina zimepita 500, na bado nyingine zinaelezwa. Ukiongeza taa, ambao ni ndugu zao wa karibu, unapata zaidi ya elfu moja. Kati ya hao, wanaojulikana kwa kuua watu ni wachache mno: papa mweupe, yule wa michirizi na papa-fahali ndio wanaotajwa zaidi. Dunia nzima wanaokufa kwa kuumwa na papa bila kumchokoza ni wachache sana kwa mwaka. Miaka mingi hawafiki kumi.

Mkubwa kuliko samaki wote duniani ni papa, yule wa madoadoa ambaye Waswahili humwita papa shilingi. Hufika mita 18, na chakula chake ni planktoni, mayai ya samaki na dagaa wadogo. Karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, watu huogelea naye. Mdogo kabisa, Etmopterus perryi wa Karibi, ana sentimita 20 hivi na tumbo lake hung'aa gizani. Kuna wa miambani anayetembea kwa mapezi nje ya maji kati ya dimbwi na dimbwi. Kuna jamaa mdogo wa kichwa cha nyundo anayekula nyasi za bahari na kuzimeng'enya. Na kuna papa wa Greenland: mwaka 2016 watafiti walipima umri kwa kutumia kiini cha jicho, na jike mkubwa kuliko wote akakadiriwa karibu miaka 392, ingawa kipimo kinaweza kupungua au kuongezeka miaka mia na ishirini. Hata ukipunguza yote, alizaliwa kabla ya reli ya Uganda kuwazwa.

Wote wana vitundu puani vyenye ute, vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kiumbe aliyejificha mchangani. Stefano Lorenzini alivieleza 1678. Domodomo wa ziwani naye anahisi umeme, ila yeye hutoa na wa kwake.

#15 Binti_wa_Lamu_Nakuru

Na wanapungua, mwalimu. Kwetu wazee wanamzungumzia papa upanga, yule taa mwenye pua ya msumeno, kama kitu walichokivua, vijana hawajamwona.

#16 JaDunga

Ngege alipovuliwa kwa nyavu za macho madogo tulimpoteza sana, lakini ukimpumzisha anarudi, maana anataga mara nyingi. Papa anarudi?

#17 Mwl_Kondele

Polepole mno, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Papa mweupe jike hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 33. Yule wa Greenland hungoja karibu karne moja na nusu. Wengine hubeba mimba mwaka mzima au miwili na kuzaa watoto wachache. Uvuvi unaochukua nusu ya papa wa leo unachukua na wajukuu ambao wangezaliwa miongo miwili ijayo. Tathmini ya mwaka 2021 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya aina za papa, taa na kimera ziko hatarini kutoweka, na sababu kuu ni kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Wengi hunaswa kwenye nyavu za samaki wengine. Wengine hukatwa mapezi kwa ajili ya supu inayoliwa Asia.

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) huko Panama, nchi zilikubaliana kuiweka familia nzima ya papa-fahali chini ya udhibiti wa biashara. Pezi au nyama ikivuka mpaka ni lazima iwe na kibali kinachothibitisha kwamba uvuvi huo haumalizi samaki. Kenya ni mwanachama, kwa hiyo sheria hiyo inahusu Lamu na Mombasa, na inahusu na mzigo unaopita kwa lori Nakuru kwenda Uganda.

MamaSamaki, ukiletewa papa mkavu sokoni, muulize mwenye mzigo ni wa aina gani na ametoka wapi. Anayevua kwa utaratibu atakujibu.

#18 MamaSamaki_Kibuye

Nitauliza. Na mteja wangu wa mbuzi nimemwongezea omena kikombe kimoja.